Wasomaji Wanauliza: Kusomea na Kufundisha Sayansi ya Mazoezi Chuo Kikuu

Safari hii barua nyingi zimegusa jambo moja: namna ya kufika kuwa mhadhiri katika sayansi ya mazoezi au katika utabibu wa wanamichezo. Tumechagua saba.

SWALI: Habari za kazi. Nipo mwaka wa tatu, shahada ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo, na ndoto yangu ni kufundisha chuo kikuu. Nikisoma habari za Marekani naona athletic training na exercise science zinatajwa kama pacha. Ni kitu kimoja? Nianzie wapi? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Si pacha, ni majirani wanaoazimana chumvi. Athletic training ni fani ya afya, na jina lake linapotosha hata huko kwao, maana watu wakilisikia hufikiri ni kocha wa mazoezi. Sisi hapa tunaiita utabibu wa wanamichezo. Chama chao, NATA, kilianzishwa mwaka 1950. Mtaalamu wa fani hii ndiye anayekimbia uwanjani mchezaji akianguka, anayeshika goti na kukisia ni kano ipi imeumia, na anayemsimamia majeruhi hadi siku anaporudi mchezoni. Sayansi ya mazoezi ni taaluma ya kuuliza na kupima: misuli inatumiaje nishati, moyo unabadilikaje kwa mazoezi, kwa nini huyu anachoka mapema kuliko yule.

Kwa mtu anayetaka kufundisha, tofauti hiyo ndiyo inayoamua njia. Utabibu wa wanamichezo unataka leseni kwanza, na huko Marekani leseni inaanzia kwenye shahada ya uzamili iliyoidhinishwa na chombo kiitwacho CAATE, kisha mtihani wa bodi wa maswali 175 kwa saa 4. Zamani shahada ya kwanza ilitosha, lakini baada ya mwaka 2022 vyuo havikuruhusiwa tena kupokea wanafunzi wapya kwa ngazi hiyo. Sayansi ya mazoezi haina leseni ya namna hiyo. Huko kinachohesabiwa ni shahada ya uzamivu, maabara uliyopitia na machapisho yako.

Afrika Mashariki, vyuo kama Dar es Salaam na Kenyatta vina idara za elimu ya viungo na sayansi ya michezo, kwa hiyo nafasi za uhadhiri ziko upande huo. Kazi ya majeruhi hapa kwetu hufanywa zaidi na wafiziotherapia, na anayeipenda hiyo ni afadhali asomee fiziotherapia moja kwa moja, kwa mfano KCMC kule Moshi, kuliko kuzunguka.

Sasa hivi angalia cheti chako kina mapengo gani. Wengi wanaotoka elimu ya viungo wana ualimu mwingi, na kemia, fizikia na takwimu kidogo mno. Hapo ndipo maombi ya uzamili hukwama. Jazia kozi hizo ukiwa bado chuoni. Halafu tasnifu yako ya mwaka wa tatu ipime kitu. Usigawe dodoso la "maoni ya wanafunzi kuhusu michezo", limeshagawiwa vya kutosha. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti juu ya chakula cha wakimbiaji 10 wa Kenya wa kiwango cha juu: chakula kilipimwa na kuandikwa kwa siku 7, na ikaonekana kuwa asilimia 76.5 ya nishati yao ilitoka kwenye wanga, asilimia 10.1 kwenye protini na 13.4 kwenye mafuta. Data za namna hiyo huanzia kwenye mizani, daftari na subira.

SWALI: Nimemaliza shahada ya kwanza kwa GPA ya 3.6. Je, uzamili wenye GPA kubwa utanifutia hiyo? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Hautaifuta. Matangazo ya ajira ya vyuo vikuu vya umma Tanzania kwa kawaida hutaka 3.8 ya shahada ya kwanza kwa mkufunzi msaidizi, na kwa mhadhiri msaidizi hutaka hiyo pamoja na 4.0 ya uzamili. Njia zilizobaki ni vyuo binafsi, vyuo vya kati kama chuo cha michezo cha Malya kule Kwimba, au kazi ya fundi wa maabara huku ukichapisha. Usiidharau hiyo ya mwisho. Fundi anayejua kuiendesha mashine ya kupima gesi za pumzi hutafutwa na kila mtafiti, na jina lake likiwa kwenye makala tatu nne za kueleweka, maombi ya uzamivu nje ya nchi husomwa kwa jicho jingine.

SWALI: Hamjambo. Nasaidia maabara Eldoret. Mkimbiaji mmoja tulimpima VO2max, yaani kiwango cha juu kabisa cha oksijeni ambacho mwili wake unaweza kutumia (mililita kwa kila kilo ya uzito kwa dakika), mara tatu ndani ya wiki tatu: 49, 61, halafu 74. Ni mtu yule yule, na mazoezi hayajabadilika. Msimamizi wangu wa uzamili amezikataa data zote. Tatizo ni mashine? (Msomaji, Eldoret)

JIBU: Msimamizi wako yuko sahihi, na mashine huenda haina kosa. Tuanze na hiyo 74, kwa sababu inanuka kosa moja tunalolijua vizuri.

Mashine hupima ujazo wa hewa kama ilivyo chumbani, kisha huubadilisha uwe wa hali sanifu kwa kutumia kanieneo ya hewa. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hapo ni kama milimita 590 za zebaki (mmHg). Kama mashine yenu haina barometa ya ndani, mtu huingiza namba kwa mkono. Akifungua simu kusoma hali ya hewa ataona hektopaskali 1,013 au zaidi, maana namba hiyo imeshasahihishwa ili ifanane na ya usawa wa bahari. Hiyo ni sawa na 760 mmHg. Ukiondoa mvuke wa maji, ambao ni 47 kwenye joto la mwili, unapata 713 mahali pa 543. Kosa ni mara 1.31. Gawanya 74 kwa 1.31, utapata 56 na kidogo. Fungueni kumbukumbu za siku ile mwone kanieneo iliyoandikwa. Kununua barometa ya ukutani inayosoma kanieneo halisi ya mahali ni nafuu kuliko kurudia utafiti.

Sasa 49. Namba ikishuka hivyo, mshukiwa wa kwanza ni barakoa. Hewa ikivuja pembeni haipiti kwenye kipima ujazo, na oksijeni iliyomo haihesabiwi. Kabla ya jaribio, ziba tundu la kutolea hewa kwa kiganja, mwambie apulize polepole, nawe pitisha vidole vyenye unyevu kwenye daraja la pua na chini ya kidevu. Ukisikia upepo, badilisha saizi. Mikanda ya juu ikivutwa kupita kiasi, barakoa huinuka kidevuni, na hapo ndipo huvuja mkimbiaji anapofungua mdomo mwishoni, yaani dakika zile zile unazozihitaji.

Mshukiwa wa pili ni itifaki, yaani utaratibu wa kuongeza kasi na mlima wakati wa jaribio. Maabara nyingi hutumia itifaki ya Bruce kwa sababu imo kwenye programu ya mashine. Hiyo inaanza kwa mwendo wa kutembea kwenye mlima wa asilimia 10, na inapanda kila dakika 3. Ilibuniwa kwa wagonjwa wa moyo. Mkimbiaji wa barabarani atachoka mashavu ya miguu kabla ya moyo na mapafu kufika kikomo. Kwake, pasha moto dakika 10, anza kasi anayoimudu, ongeza kilomita 1 kwa saa kila dakika, na panga mambo ili aishiwe nguvu kati ya dakika ya 8 na ya 12. Halafu usikubali namba kwa sababu tu amesema "nimechoka". Angalia kama matumizi ya oksijeni yameacha kupanda, yaani nyongeza ya hatua ya mwisho iko chini ya mililita 150 kwa dakika. Angalia kama uwiano wa kabonidioksaidi inayotoka kwa oksijeni inayotumika umefika 1.10, na mapigo ya moyo yamekaribia kilele chake. Zaidi ya hapo, chukua wastani wa sekunde 30. Wapo wanaochukua pumzi moja iliyo kubwa kuliko zote, na huo ni uvivu unaofanana na udanganyifu.

Utaratibu wa kila asubuhi uwe huu. Washa mashine ikae dakika 30. Ipe hewa ya nje, ambayo ina oksijeni asilimia 20.93 na kabonidioksaidi asilimia 0.04, halafu gesi ya mtungi, mara nyingi oksijeni asilimia 16 na kabonidioksaidi asilimia 5. Hewa ya chumbani ambamo watu wanne wamepumua saa nzima si hewa ya nje, kwa hiyo fungueni madirisha. Kisha sukuma sirinji ya lita 3 mara kadhaa, polepole na kwa haraka. Usomaji ubaki kati ya 2.91 na 3.09. Ukiona matone ya maji kwenye kijibomba cha kuchukulia sampuli, kibadilishe.

Na mwisho, kuweni na "mtu wa kupimia". Mfanyakazi mmoja mwenye afya aendeshe baiskeli ya maabara kwa wati 100 kila Jumatatu. Akiwa na kilo 70, atatumia takriban lita 1.6 za oksijeni kwa dakika. Namba yake ikihama kwa zaidi ya asilimia 5 kutoka wastani wake mwenyewe, hakuna mwanariadha anayepimwa hadi kosa lipatikane. Hiyo 61 inaweza kuwa ya kweli, lakini bila rekodi za namna hii huna pa kuishikia.

SWALI: Mimi ni mfiziotherapia mwenye diploma, miaka sita hospitalini. Naweza kufanya ule mtihani wa bodi wa Marekani nikiwa huku Mombasa, kisha niombe kazi ya kufundisha kule? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Hapana, dada. Mtihani ule ni wa waliohitimu programu zilizoidhinishwa na CAATE, au wa nchi chache zenye makubaliano maalumu, kama Kanada na Ireland. Uzoefu wako ni mkubwa lakini haubadilishwi kuwa sifa ya kuingia mtihanini. Ungehitaji shahada ya kwanza, kozi za biolojia, kemia, fizikia, saikolojia, anatomia na fiziolojia, kisha uzamili wa miaka 2 wenye mafunzo ya vitendo, ikiwemo angalau kipindi kimoja cha wiki 4 mfululizo kazini kutwa nzima. Uzamili huo mara chache una ufadhili, kwa kuwa ratiba yake haimwachii mwanafunzi muda wa kufanya kazi chuoni. Ushauri wetu: ipandishe diploma iwe shahada hapo hapo Kenya, kisha omba uzamili wa utafiti katika sayansi ya mazoezi. Mtu aliyewahi kushika magoti ya wagonjwa mia kadhaa ana maswali ya utafiti ambayo kijana wa darasani hana.

SWALI: Nafundisha somo la huduma ya kwanza michezoni, Unguja. Mtaala unataka nifundishe kiharusi cha joto cha mwanamichezo, lakini kifaa pekee nilicho nacho ni kipimajoto cha paji la uso. Nifanye nini? (Mwalimu, Unguja)

JIBU: Mwalimu, kitupe hicho, au kiweke kwa ajili ya somo la "vifaa visivyofaa". Ngozi ya mtu anayetoka jasho na kupigwa na upepo inaweza kuwa baridi huku ndani anaungua. Kwapa, sikio na mdomo vina kasoro hiyo hiyo. Kinachoaminika uwanjani ni kipimajoto cha njia ya haja kubwa, chenye waya laini unaoingia takriban sentimita 15. Kigezo ni joto la ndani la zaidi ya nyuzi 40.5 pamoja na akili kuvurugika: anaongea ovyo, anapigana, anayumba, au amezimia. Wanafunzi wako waelewe kwamba hii si homa. Homa inaamriwa na ubongo; hapa mwili umezalisha joto kuliko unavyoweza kulitoa. Kwa hiyo paracetamol haisaidii kitu, na kuanza kutafuta malaria ni kupoteza dakika.

Kanuni inayofundishwa ni moja: poza kwanza, safirisha baadaye. Pipa au beseni refu la kuogea linatosha. Pwani mna bahati, barafu ya samaki ipo kila diko. Jaza maji nusu, weka barafu, mtie mgonjwa hadi mabegani, mtu mmoja amshike chini ya makwapa kwa shuka ili kichwa kisizame, na mwingine ayakoroge maji wakati wote. Maji yakitulia, tabaka lililogusa mwili hupata joto na kumfunika mgonjwa kama blanketi. Hamna beseni? Turubai imara, watu sita wa kuinua kingo, lita 150 za maji ya barafu, na mtikise huku na huku kama mnapepeta.

Kasi ya kupoa kwa njia ya beseni ni kama nyuzi 1 kila dakika 5. Aliyefika 42 atashuka hadi 38.9 kwa dakika 15 hivi, na hapo ndipo anatolewa. Mkiendelea, atashuka kupita kiasi. Lengo ni kukamilisha ndani ya dakika 30 tangu aanguke. Kosa tunaloliona likirudiwa ni kumtoa mgonjwa majini kwa sababu gari la wagonjwa limefika. Kosa la pili ni ile hoja kwamba maji baridi "yanafunga mishipa" na hivyo joto linabaki ndani. Mishipa ya ngozi hubana kweli, lakini maji hunyonya joto kwa kasi inayoishinda hali hiyo, na matokeo yako kwenye kipimajoto.

Somo la vitendo lifanye kwa maji ya kawaida na mwanafunzi mzima aliyevaa nguo za michezo. Mpe kila kundi saa ya kuhesabia: tangu kuanguka hadi mabega kuingia majini, lengo ni dakika 5. Mara ya kwanza watatumia 12, kwa sababu hakuna aliyejua ndoo ziko wapi.

SWALI: Nina leseni ya utabibu wa wanamichezo, nafanya kazi na shule ya sekondari hapa Minneapolis, na nataka kuhamia kufundisha chuo. Nisome uzamivu wa utafiti au ule wa kitaaluma? Na ada je? (Msomaji, Minneapolis)

JIBU: Kaka, amua kwanza unataka kiti gani. Ajira ya kuelekea kudumu hukupa takriban miaka 6 ya kujithibitisha, na kipimo kikuu, hasa vyuo vikubwa, ni utafiti na fedha za utafiti. Hapo utahitaji PhD, yaani uzamivu wa utafiti. Nafasi za walimu wa vitendo huwa za mikataba inayorefushwa. Kufundisha ni kwingi, utafiti ni kidogo, na uzamivu wa kitaaluma, ambao unaweza kuusoma huku ukifanya kazi, mara nyingi unakubalika. Ukitaka siku moja kuwa mkuu wa programu ya utabibu wa wanamichezo, viwango vya CAATE vinadai uzamivu na leseni iliyo hai. Tumesikia wengi walioiacha leseni ife wakiwa kwenye PhD. Usiiache.

PhD usiilipie mwenyewe. Omba nafasi ya usaidizi wa ufundishaji au utafiti: saa 20 kwa wiki, ada inafutwa au kupunguzwa, na posho ipo. Lakini soma mkataba hadi chini. Posho nyingi ni za miezi 9, na Juni hadi Agosti unajitegemea. Bima ya afya na zile ada ndogo ndogo za kila muhula huenda zisiwemo. Uliza pia ufadhili ni wa mwaka mmoja au wa miaka minne.

Na chagua msimamizi kabla ya chuo. Barua pepe yako iwe fupi: wewe ni nani, leseni gani, swali gani linakusumbua, makala yake ipi umeisoma na nini umekiona humo, kisha swali moja: unapokea mwanafunzi mwaka ujao? Akikubali mzungumze, omba uongee na wanafunzi wake wawili bila yeye kuwepo. Waulize walichukua miaka mingapi, na jina la nani hutangulia kwenye makala.

SWALI: Tasnifu yangu ni mazoezi ya kuruka kwa wanavoliboli. Nina timu moja, watu 22. Mwalimu wa takwimu anasema hawatoshi. Nifute mada? (Msomaji, Kampala)

JIBU: Usiifute, badilisha umbo lake. Ukiwagawa 11 kwa 11 hamtafika popote. Kugundua tofauti ya ukubwa wa kati, yaani nusu ya mchepuo sanifu (kipimo cha mtawanyiko wa data), kati ya makundi mawili kunahitaji watu 64 kila upande, kwa uwezo wa asilimia 80 (nafasi ya kuiona tofauti ikiwa ipo kweli) na kigezo cha 0.05. Ukimpima mtu yule yule kabla na baada, 34 wanatosha kwa tofauti ya ukubwa huo huo. Huna 34, kwa hiyo kazi yako ni kupunguza kelele kwenye vipimo.

Wapime wachezaji 10 mara mbili, siku mbili tofauti, saa ile ile, kabla ya kuanza chochote. Toa siku ya kwanza kwenye ya pili, zidisha kila tofauti kwa yenyewe, jumlisha, gawanya kwa mara mbili ya idadi ya watu, kisha tafuta kipeuo cha pili. Tuseme jumla ni 45: gawanya kwa 20 upate 2.25, kipeuo chake ni 1.5. Sentimita 1.5 ndiyo hitilafu ya kipimo chako. Zidisha kwa 2.77 na unapata 4.2: mchezaji mmoja mmoja asipopanda zaidi ya sentimita hizo 4.2, huwezi kusema kwamba yeye amebadilika, hata kama wastani wa timu umepanda.

Hitilafu hiyo hupungua kwa mambo madogo. Mikono ibaki kiunoni, viatu viwe vile vile, kila mtu aruke mara tatu na uchukue wastani. Kama unapima kwa mkeka wa muda wa hewani, kataa mruko wowote ambao mchezaji amekunja magoti kabla ya kutua, kwa sababu magoti yaliyokunjwa yanamchelewesha kugusa mkeka, nao mkeka utaandika sentimita ambazo hakuziruka.